Tarakimu ya Kumi

Mpaka leo, akishika brashi, Fundi Herufi huukumbuka ule ubao uliokuwa juu ya dirisha la kulipia kodi. Kila baada ya miezi mitatu alipanda ngazi akaandika deni la serikali ya jimbo, akianzia kulia kwenda kushoto. Baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo: ukianzia kushoto, nafasi itakuumbua.

Siku hizo mhazini, mzee wa suti moja na maneno machache, alitoka mwenyewe akasimama chini ya ubao saa nzima, aulizwe.

"Mzee, hizi fedha mlizokopa juzi zimekwenda wapi?" muuza mitumba mmoja alimhoji.

"Daraja la sokoni, mama. Nguzo nne. Nenda kazihesabu."

"Nimeshazihesabu. Ziko tatu."

Foleni ikaangua kicheko. Mhazini hakucheka. Alikwenda kuziona kwa macho yake, na kabla deni halijaandikwa tena, nguzo ya nne ilikuwa imesimama. Watu walilipa kodi wakinung'unika, lakini walilipa.

Mzee akastaafu, akaja mhazini mwingine. Saa ya maswali ikafutwa, na deni likafura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Ubao ulikuwa na nafasi ya tarakimu tisa. Siku deni lilipofika tarakimu kumi, Fundi aliitwa ofisini.

"Andika mbili nukta moja," mhazini alisema. "Inatosha."

"Mbili nukta moja ya nini, bosi?"

"Watajua wenyewe."

"Mama wa mitumba atajua anadaiwa mbili."

"Fundi, unalipwa kupaka rangi, si kufundisha hesabu. Na mkataba wako unaisha mwezi huu."

Alilijua hilo. Binti yake alikuwa bado chuoni, na mkataba huo ndio uliomlipia ada.

Alipanda ngazi. Akaanzia kulia, kama siku zote, hata tarakimu ya tisa ikagusa ukingo wa ubao. Hapo akashuka, akasogeza ngazi, akaandika ile mbili ukutani, kubwa sawa na wenzake.

"Fundi," mama wa mitumba aliita kutoka kwenye foleni, "hiyo ya ukutani imekosa nafasi au imetoroka?"

"Imekosa nafasi, dada."

"Basi aitwe mwenye nyumba atueleze."

Mwenye nyumba hakutoka.

Mkataba haukuongezwa. Ubao uling'olewa, ukuta ukapakwa chokaa, na binti akamaliza chuo mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

"Ungeiandika tu hiyo nukta yao," mkewe humwambia hadi leo, "tukala."

"Mkono ungekubali, mama watoto. Sokoni ningepita na uso gani?"

Anayekopa kwa jina la watu na kuwaficha hesabu amewaibia mara mbili. Fundi hasemi hivyo. Yeye ni mtu wa brashi. Ila kila mwaka, akishapokea risiti yake ya kodi, huinama kwenye dirisha na kumuuliza karani, "Binti yangu, sasa tunadaiwa ngapi?"

"Iko kwenye tovuti, mzee. Anayefuata."

Mwaka huu aliyefuata, mwanamke mwenye kikapu, hakusogea.

"Mjibu kwanza," alisema. "Hata mimi nataka kujua."