Kapeti la Chumba cha Lusungu

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Ketrina ni mikono yake. Ni mipana kuliko umbo lake, na kabla hajakusalimu huifuta kwanza kwenye kanga, hata kama haina kitu. Tangu utoto wake pale kijijini Hasamba, kwenye baridi ya nyanda za juu, amesiriba sakafu kwa mikono hiyo, za kwake na za majirani.

Mwaka 2009 mikono hiyo ilikuwa na shughuli moja kubwa: kumwandalia binti yake chumba kisicho na baridi. Lusungu, mwanawe wa pekee, alikuwa ameolewa Kamsamba, kwenye joto la bondeni. Miaka miwili kabla, alipanda kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mwezi Julai, baridi ikiwa imeshika kwelikweli, na hakumaliza wiki. Sasa Lusungu alikuwa mjamzito tena. Daktari alimshauri ajifungulie karibu na hospitali ya huku juu, naye akakataa. Alimwambia mama yake kwa simu kwamba chumba kile alichofia mtoto hawezi kukiingia.

Ketrina hakubishana naye. Alimwita fundi Andongwisye, ambaye alikuwa amejenga mabani ya kukaushia tumbaku huko Chunya na alijua kuongoza joto la moto bila kuuachia moshi njia. Fundi alipitisha mifereji ya matofali chini ya sakafu, kuanzia kwenye jiko lililo nje ya ukuta hadi kwenye bomba la moshi upande wa pili, kisha akafunika kwa zege na sementi. Sementi hutoa vumbi, na Ketrina alitaka sakafu ya kudeki kwa maji. Akaenda Tunduma kutafuta kapeti la plastiki.

Shani, mwenye duka, alizoea wateja wa ng'ambo ya mpaka, akamwita bamayo kama anavyowaita akina mama wa Zambia.

"Bamayo, chukua hili lenye sponji. Ukilikanyaga ni godoro."

"Godoro ninalo. Nataka joto la chini lipite."

"Joto la chini? Kwani umejenga juu ya volkano?"

Waliokuwemo dukani walicheka. Ketrina naye alitabasamu, kisha akaomba vipande viwili, kimoja cha kapeti la sponji na kimoja cha kapeti jembamba, akavilaza juu ya mfuniko wa sufuria ya chai iliyokuwa kwenye jiko la Shani, na baada ya muda akaviwekea viganja. Kile cha sponji kilibaki baridi juu huku chini kikianza kunata. Kile chembamba, kigumu, kilipata joto upesi na hakikubadilika. Alikikwaruza kwa ufunguo, hakikuchubuka. Ndicho kilichokuwa na bei nafuu pia. Alinunua kapeti la kutosha chumba kimoja, na fedha yake ya mauzo ya kahawa ikaishia hapo. Likiharibika, hakuna lingine.

Lakini hakuweza kutandika juu ya sementi tupu. Kwa desturi, chumba cha anayejifungua husiribwa na mama yake, kwa udongo laini na samadi, kwa kiganja, kutoka ukutani hadi mlangoni. Ketrina alisiriba. Udongo ulipoonekana mkavu kwa juu, alitandika kapeti, akaligandisha kingo zote kwa gundi, akawasha moto.

Siku chache baadaye kapeti lilikuwa limevimba katikati, na chumba kinanuka uvundo. Andongwisye alilibandua upande mmoja. Udongo ulikuwa umeloa na kufanya ukungu mweusi.

"Mama Lusungu, unyevu ulikosa pa kutokea. Inabidi tuukwangue udongo wote."

Ketrina alichukua jembe, akaanza kukwangua mwenyewe. Hata kwa yule mtoto wa kwanza alikuwa amekisiriba chumba kile kwa udongo kama huo. Fundi akamwachia nafasi. Kisha waliliosha kapeti, lilikuwa zima. Waliwasha moto mdogo mpaka sementi ikakauka kabisa, wakatandika upya bila gundi, wakiacha upenyo wa kidole kando ya kuta ili kapeti likipata joto liwe na pa kutanukia.

Jioni walipomaliza alimpigia Lusungu, akamweleza yote, akitarajia lawama kwa kuivunja desturi.

"Kwa hiyo hukusiriba, mama?"

"Nilisiriba, mwanangu. Nimeukwangua udongo wote."

Ndipo Lusungu akamwambia: "Mwanangu alifia kwenye harufu ya udongo mbichi. Ndiyo niliyokuwa naiogopa." Halafu akaongeza, "Nitakuja Alhamisi."

Alhamisi Ketrina alifika mapema kwenye kituo cha mabasi cha Mlowo. Kila gari lililoingia kutoka barabara ya Kamsamba lilimwinua alipoketi. Mchana wakala wa mabasi alimwambia kwamba gari la Kamsamba limeshapita mlima, na kwamba kuna mama mjamzito amekaa siti ya mbele. Ketrina alisogea ukingoni mwa barabara, akasimama akiangalia vumbi lilikokuwa linatokea.