Mlango wa Kuitia Roho

Pahoua Lor aliteleza kwenye barafu mbele ya soko la Wahmong, wakimbizi wa milima ya Laos, pale Saint Paul, Marekani, akaanguka kama gunia, mchicha wake ukatawanyika barabarani. Mguu ulipona. Roho ndiyo haikupona, maana ilishtuka ikabaki palepale kwenye barafu, na yeye akainuka bila kuiita. Tangu hapo chakula hakipiti, usingizi wa mang'amung'amu, na mikono ni baridi hata akiwa ameiweka juu ya sufuria. Dawa yake kila mama wa Kihmong anaijua: mzee asimame mlangoni na kuku, yai na uvumba, aiite roho irudi nyumbani. Kazi ya asubuhi moja.

Kilichokosekana ni mlango.

Zamani alikuwa nao. Siku ya harusi yake walimzungushia jogoo kichwani kwenye mlango wa akina Vang, akatoka kwa mizimu ya baba yake akaingia kwa mizimu ya mume. Akaipikia mizimu hiyo, akaizalia wajukuu, akaifutia vumbi madhabahu kuliko wenyewe. Kisha Nhia Tou, mumewe, akaenda Laos kuzuru makaburi ya wazee, na makaburi hayo yakampa msichana wa rika la kitinda mimba wao. Wazee wa Vang wakakaa kikao, wakala nyama aliyoipika Pahoua mwenyewe, wakaamua kwamba Pahoua ana mdomo. Akaachwa, akatoka na nguo zake tu. Na hakuna jogoo wa kumzungushia mwanamke arudi kwao.

Hata hivyo alikwenda kwa mdogo wake, Blong, akamkuta jikoni na mkewe.

"Dada, usinitie mashakani," Blong alisema kabla Pahoua hajaketi. "Nikikuitia roho mlangoni kwangu, mizimu ya baba itauliza mgeni huyu wa nani. Wanangu wakiugua nitamlaumu nani?"

"Mgeni? Mimi niliyekubeba mgongoni tukivuka Mekong? Ulinikojolea mpaka kiunoni."

"Nilikuwa mdogo, dada."

"Mto haukuwa mdogo."

Mke wa Blong akacheka, akasukuma bakuli mbele yake. "Wifi naye! Kula wali kwanza, hasira haitaki tumbo tupu."

Pahoua alikula vijiko kadhaa ili asiambiwe ana kiburi, akaondoka.

Aliyemwonyesha njia ni Mee Thao, mkalimani wa zahanati, mwanamke wa makamo kama yeye mwenye mume asiyekwenda kuzuru makaburi. Mee alisema zahanati ina mpango mpya kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao uko rohoni. Wamepata nyumba ndogo yenye mlango wake, na mzee wa kuita roho amekubali kumwitia yeyote, awe wa ukoo gani au asiye na ukoo. Ila kwanza daktari Karin atamuuliza maswali, yaleyale anayowauliza Wasomali, Wameksiko na wazungu wenzake. Unajibu kwa namba. Sifuri ni hakuna kabisa, tano ni tele.

Daktari Karin alikuwa mama mpole, mwenye kucha fupi. Alimwekea Pahoua chai, akaanza, Mee akifasiri.

"Anauliza, shangazi, je, unahisi umeungana na kitu kikubwa kuliko wewe?"

Pahoua alifikiri juu ya mizimu ya koo mbili iliyomfungia mlango. Mikubwa kweli. Akatazama dirisha lililoachwa wazi kidogo kwa sababu mashine ya kupasha chumba joto ilizidi. Mtu mzima hasemi kwa sauti kwamba yu dhaifu, kwamba roho yake haipo. Huko nje kuna visikilizavyo, vinavyotafuta mwili usio na mwenyewe.

"Tano," alisema, kwa nguvu, ili visikie.

"Je, moyo wako una amani?"

"Tano."

"Je, imani yako inakupa nguvu?"

"Imani ndiyo nini hiyo?"

Mee akakuna shingo. "Ile ya kanisani, shangazi. Kuamini."

"Sisi hatuamini. Sisi tunalisha."

Mee alifasiri. Daktari akainamisha kichwa kwa heshima kubwa, akangoja namba.

"Tano," Pahoua alisema.

Ukumbini, Mee alimkamata mkono. "Shangazi, umefanya nini? Wanaosaidiwa ni wenye namba za chini! Anasema hajapata kuona mtu mwenye roho imara kama wewe. Anataka kukupongeza."

"Si ungeniambia?"

"Nimekatazwa. Turudi sasa hivi. Sema tu 'roho yangu imepotea', nami nitafasiri. Maneno matatu, shangazi."

Walirudi. Daktari Karin alisimama, akatabasamu, akasubiri. Dirisha lilikuwa bado wazi. Pahoua alifungua kinywa, akahisi baridi ya nje ikiingia mpaka kooni. Maneno yale yalikaa kwenye ulimi kama mwiba wa samaki.

"Sijambo," alisema.

Alasiri alipika wali nyumbani, katika chumba cha kupanga ghorofani. Akaweka yai juu ya wali, akawasha uvumba, akafungua mlango unaotazama ukumbi wa zulia la kijivu. Hakuna mtu anayejiitia roho mwenyewe, lakini yeye angemwita nani?

"Roho ya Pahoua," alianza, "toka kwenye barafu, toka kwenye baridi. Wali uko tayari, yai liko tayari. Rudi nyumbani, rudi kwa mizimu ya..."

Hapo pakamshinda. Vang wa mume? Lor wa baba? Alirudia tangu mwanzo, akafika palepale, akakwama. Moshi ulipanda darini, king'ora cha moto kikalia, milango mingine ikafunguka, vichwa vikachungulia.

Msimamizi wa jengo alipanda ngazi akihema. Alizima king'ora, akauona uvumba, akamwona Pahoua na yai mkononi.

"Mama, moshi huu unaingia kwa watu," alimwambia taratibu, kama mtu anayesema na kiziwi. "Funga mlango."

"Bado," Pahoua alisema kwa Kiingereza chake kidogo. "Ngoja. Bado."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alinyoosha mkono, akaufunga mlango mwenyewe.