Upande wa Pili wa Shuka

Krrr-dum. Krrr-dum. Nikifumba macho naisikia mpaka leo: magogo mawili ya mbao yanasagana polepole, shuka la mama linaingia katikati yake likiwa limekunjamana, linatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi.

Nyie mliokulia Tensta, huku Stockholm, miaka yetu mnakijua chumba cha kufulia cha chini ya ghorofa. Wazazi wetu walikuwa na viwanja vya kuchezea huko kwao. Sisi majira ya baridi tulikuwa na chumba hicho. Nje theluji, ndani joto, harufu ya sabuni, vioo vimejaa ukungu wa kuchora kwa vidole. Tulijificha nyuma ya nguo zilizoanikwa mpaka mtu atufukuze. Mlangoni kulikuwa na ubao wa siku na saa za kufua, na kila nyumba ina kufuli yake ndogo ya kufungia zamu. Ukipitiliza zamu yako, unakuta umebandikiwa kikaratasi cha hasira. Mama yangu Kiswidi cha kusoma kilikuwa kinampiga chenga, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Nilikuwa nampunguzia makali. Kikaratasi kinafoka kwa herufi kubwa na alama za mshangao, mimi namwambia, "Mama, wanasema tafadhali."

"Watu wa hapa wana adabu sana," anasema mama, anaendelea kukamua soksi.

Lakini jengo letu lilikuwa na kitu ambacho majengo mengine hayakuwa nacho, nacho ni mangeli. Ndivyo tulivyoiita. Ni mashine ya zamani ya kunyooshea mashuka, haina waya wala moto: fremu ya chuma, magogo mawili, na mkono wa kuzungusha ubavuni. Ilikuwa mali ya Tanti Britta, bibi wa Kiswidi wa ghorofa ya pili. Aliirithi kutoka kwa bibi yake, na alipohamia Tensta haikuenea sebuleni, akaomba iwekwe kwenye kona ya chumba cha kufulia. Mama alipoiona mara ya kwanza aliizunguka, akaigonga kwa kidole, akasema, "Kumbe kuna pasi isiyokula mkaa!" Kwa sababu yeye kule Kigoma alikuwa amepiga pasi ya mkaa mpaka vidole vikawa vigumu.

Sasa shuka haliingii kwenye mangeli hivihivi. Kwanza linavutwa. Watu wawili wanasimama wakitazamana, kila mmoja kashika pembe mbili, wanaegemea nyuma, wanavuta mpaka kitambaa kinalia. Halafu wanatembea kuelekeana, wanakabidhiana pembe, vidole vinagusana, mmoja anarudi nyuma tena. Mkivutana vizuri mnakuwa kama mnacheza ngoma ya polepole, na mnacheka bila sababu.

Aliyesimama upande wa pili wa shuka la mama hakuwa mimi. Alikuwa dada yangu, Jeneroza.

Jene alikuja hapa na mama akiwa msichana mkubwa tayari. Mimi ni kitindamimba, nimezaliwa hapahapa. Yeye alikuwa na nyimbo za mama ambazo sikuzijua, alikuwa na majina ya majirani wa kule, alikuwa na mikono ya kazi. Mama akisema "Kama kwa mama Odeta," wote wawili wanacheka hadi wanashika mbavu, mimi natabasamu tu kama mgeni kwenye arusi. Na juu ya hayo yote, akapewa na shuka!

Niliomba zamu. Nililia nikapewa. Nikashika pembe zangu kwa nguvu zangu zote, mama akavuta, nikapaa. Nilitua tumboni mwake, shuka limenifunika kichwa, nje nasikia Jene anacheka kama mbuzi.

"Umevua samaki, mama!"

"Mwache mwenzio," mama akasema, lakini na yeye alikuwa anacheka. "Subiri ukue kidogo, mwanangu. Wewe kazi yako ni kutafsiri."

Basi nikawa mtafsiri. Tanti Britta alikuwa anashuka na sahani ya vimkate vya iliki, ambavyo mama aliviita maandazi yaliyosahau mafuta, na mama analeta chupa ya chai ya maziwa iliyokolea tangawizi. Jene anazungusha mkono wa mangeli, mama anapokea, na mimi nakaa juu ya kikapu cha nguo, ulimi wangu unafanya kazi ambayo mikono yangu ilinyimwa.

Tanti Britta alipenda kusimulia habari za bibi yake. Bibi huyo alitoka shamba akiwa msichana, akaja mjini Stockholm kuwa mtumishi wa nyumba ya matajiri. Enzi hizo kule Uingereza anatawala Malkia Viktoria mzee, na dunia nzima imepagawa na vitu vipya. Asubuhi kazi ya yule msichana ilikuwa kufuta masizi kwenye vioo vya taa za mafuta; siku moja wakaja mafundi wa umeme, taa ikawa inawashwa kwa kidole tu, na bibi mwenye nyumba akakataza watoto wasiisogelee. Siku nyingine ikaletwa mangeli. Wake wa majirani walialikwa chai waje waione, wakasimama na kofia zao za manyoya wakitazama shuka likipita, na waliporudi makwao waume zao hawakulala kwa amani mpaka zikanunuliwa nyingine. Juu ya mapaa zikapita nyaya za simu, nyingi hata ukiinua macho unaona anga kama limefumwa.

"Na simu ilikuwepo humo ndani?" niliuliza, maana mimi napenda kuota mambo makubwa.

Ilikuwepo. Ilitundikwa ukutani kwenye korido, ya mbao, ina kengele. Lakini aliyeruhusiwa kuipokea ni mtumishi mwingine, aliyeitwa Hilda, mwenye sauti nzuri na aproni yenye lesi. Bibi yake Tanti Britta yeye aliwekwa kwenye mangeli. Kila kengele ikilia, Hilda anajipangusa mikono, anapita kwa madaha, anasema "Halo!" Na mwenzake jikoni chakula kinamshinda kwa wivu.

Nikamtafsiria mama. Mama akanitazama mimi, akamtazama Jene, akasema, "Kumbe huu ugonjwa ni wa siku nyingi." Jene akanitolea ulimi. Nikamtolea wangu.

Tanti Britta akamalizia. Siku moja Hilda yuko sokoni, nyumba tupu, simu ikalia. Bibi yake akaenda mpaka korido, akasimama mbele ya simu mikono ameifunga nyuma, ikalia, ikalia, ikanyamaza.

"Kwa nini hakupokea?" nikauliza.

"Hakuna aliyemwambia apokee," akasema Tanti Britta, akachukua kimkate.

Nilikua. Uji nilikunywa hadi kukomba bakuli, nikawa najipima kwenye ule ubao wa kufuli kila zamu yetu, na kila nikipanda kidogo namwambia mama, "Tazama, mama." Anasema, "Naona, naona. Bado kidogo." Mwaka niliofika begani kwa Jene nilijua zamu yangu imefika. Na mwaka huohuo wenye nyumba wakakarabati chumba cha kufulia, wakaleta mashine ya kukaushia.

Shuka linaingia limelowa, linatoka lina joto na laini kama mkate. Mtu mmoja tu analikunja, tena akiwa amesimama palepale. Tanti Britta alikuwa ameshahamia nyumba ya wazee, na mangeli ikaandikwa ya kuondolewa. Mama siku hizo alikuwa anafanya usafi hospitalini Flemingsberg, anarudi amechoka. Alipoweka uso wake kwenye shuka la moto alisema, "Mungu asante, mgongo wangu umepona." Nani hataki mgongo wa mama yake upone? Nilitaka. Lakini roho iliniuma, jamani, acheni tu. Mashine imekuja imesimama mahali pangu kabla sijasimama.

Siku hizi watoto wa Jene, huko kwao Jordbro, wanapanga zamu ya kufua kwa simu wakiwa wamelala kitandani. Hawamjui jirani hata mmoja. Wanashuka na vidude masikioni, wanatupa nguo ndani, wanapanda. Juzi mpwa wangu alinifungulia mlango amevaa shati lililokunjamana kama limetafunwa na ng'ombe. Nikamwambia. Akanijibu kwa Kiswidi, "Mama mdogo, kwani mikunjo inauma?" Haiumi, mwanangu. Na kikaratasi cha hasira nacho kimekufa, sasa unaletewa ujumbe wenye adabu, hauna raha hata kidogo ya kuutafsiri.

Lakini sikukuu tukikusanyika kwa mama, chakula kikiisha, Jene na mama wanainuka kukunja kitambaa cha meza. Wanaegemea nyuma wote pamoja, kinalia, wanakuja, vidole vinagusana, wanacheka. Mimi mtu mzima, nalipa kodi, nina kazi yangu, natazama nikiwa na sahani mkononi na ninaona wivu uleule mbichi. Nasema, "Nipeni na mimi basi." Jene anasema, "Kimeshaisha." Kweli kinakuwa kimeshaisha. Nawapenda wote wawili hadi machozi, na nawaonea kijicho, yote kwa moyo mmoja.

Ila mangeli haikuondoka hivihivi. Jumapili moja kabla ya kuchukuliwa, tumetoka kanisani, mama na Jene wako jikoni wanapika, nilishuka peke yangu. Sikumuuliza mtu. Shuka sikuwa nalo, nikavua skafu yangu shingoni, nikaingiza ncha kati ya magogo. Ule mkono ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikauning'inia kwa uzito wangu wote ukashuka, nikakimbia upande wa pili kudaka ncha isianguke sakafuni, nikarudi kuzungusha, nikakimbia tena. Skafu ikatoka yote, imenyooka, baridi. Nikaivuta mbele ya kifua mikono miwili ikiwa imetanuka, ikalia kidogo. Halafu nikaleta mikono pamoja, na mkono wangu wa kulia ukaukabidhi wa kushoto zile pembe.