Plagi za Mlima wa Suji

Eliufoo wa Suji alikuwa mbishi, na heri alikuwa mbishi. Enzi hizo za Mwingereza, watu wa Suji walikuwa wamechimba barabara yao wenyewe kwa msaragambo: baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Lakini lori la Bwana Salimu, ambalo Eliufoo aliliendesha, kila likipanda na mzigo injini ilianza kugonga, likaishiwa nguvu, likazimika katikati ya mlima. Baragumu lilipigwa tena, watu wakaja kusukuma.

"Likiendelea kuzimika hivi, nalipeleka kwenye mashamba ya Bendera likabebe katani," Salimu alimwambia pale Same.

Hapo kahawa, iliyokuwa ikishushwa na lori, ingerudi vichwani mwa akina mama, akiwemo Honorata, mama yake Eliufoo. Jambo hilo lilimuuma.

Na kosa lilikuwa lake. Plagi za injini ziko za moto, zinazokaa na joto, na za baridi, zinazolitoa upesi. Eliufoo, aliyekua akiota moto jikoni mpaka Agosti, alichagua za moto. Suji kuna baridi bwana! Kijiji kizima kilimsifu kwa akili hiyo.

Siku lori lilipozimika tena njiani, alizifungua akakuta ncha zimeungua kwa joto, nyeupe kama majivu. Wakati anakuna kichwa, mama yake akapita akitoka gulioni, gunia la mahindi kichwani, ukungu umetanda, naye amejifunga shuka kiunoni na jasho linamtoka.

"Shikamoo mama. Huoni baridi?"

"Marahaba. Baridi gani, mwanangu, kwa mzigo huu na mlima huu?"

Eliufoo akajiona mjinga kweli kweli. Aliteremka Same kutafuta plagi za baridi.

"Utaniulia gari," Salimu akafoka.

"Likifa, nitalisukuma mwenyewe hadi Bendera."

Alipanda kwa gia ya kwanza, meno ameyauma. Kwenye kona ya kuzimikia, wanaume walikuwa wameshakunja mikono ya mashati, akawapita. Injini haikugonga. Juu kidogo akamkuta Honorata anateremka na gunia la kahawa, maana lori hakuliamini tena.

"Mama, tua! Nikigeuza nakuja kulichukua!"

Honorata alisimama kando mpaka lori likapotelea juu, bado linanguruma. Tangu usichana wake hakuwahi kutua mzigo kwenye mlima ule kabla ya kufika. Akalitua gunia, akalikalia, akalia.