Harufu ya Omena Mlimani

Jana nilinunua omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, nikaiweka kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kabla hatujatoka hata mjini, binti yangu alikuwa ameziba pua.

Nilipokuwa mdogo, Baba alikuwa na gari la kubebea omena kutoka Usenge, kule ziwani. Likizo moja, kwa kuwa hoteli zilitushinda bei, aliliosha kwa sabuni na ndimu, akatandika godoro pale magunia yalipokaa, akatupeleka milima ya Nandi. Tulipanda kwa miguu njia za ng'ombe mchana kutwa, Mama akiwa amevaa sandak zake za plastiki, akinung'unika: "Sisi watu wa ziwa, huku juu tumepoteza nini?" Lakini tulipofika ukingoni mwa bonde, ni yeye aliyekataa kuondoka. Alilitafuta ziwa kule mbali mpaka akaliona, liking'aa kama kipande cha bati.

"Kumbe ni kidogo hivi," akasema, kama mtu aliyedanganywa.

Jioni baridi ikashuka. Hatukuwa na sweta. Nani alivaa sweta kwetu Kisumu, na joto lile? Tulirudi tukajibana ndani ya gari, na joto letu likaiamsha ile harufu, ikatoka kwenye mbao za gari kana kwamba hakuna aliyeosha kitu. Baba, kwa aibu, akanyoosha mkono afungue dirisha.

"Wacha, Baba," Mama akamwambia, akituvuta kifuani pake. "Harufu haijaua mtu. Baridi ndiyo huua."

"Mama, fungua dirisha," binti yangu akaniomba jana.

Lilikuwa wazi kidogo. Nikalipandisha hadi juu, likafungika, harufu ikabaki nasi.