Kompyuta Haikumwagiwa Uji

Nilichomoa waya mbele ya darasa zima. Mwalimu alikuwa ameiunganisha laptopu yangu na ile televisheni kubwa ya ukutani, picha imetokea safi, naye anacheka.

"Mnaona wenyewe? Kompyuta haina ugonjwa. Ikifika mtaani Muyeye kwa huyu mama ndipo inazimia. Hebu sema kweli, dada, mtoto kaimwagia uji?"

Darasa likaangua kicheko. Uvumilivu wangu ukaishia hapo. Nikachomoa waya. Picha ikatoweka ukutani, na skrini ya laptopu yenyewe ikabaki nyeusi ti.

"Haya, iko wapi sasa?" nikamuuliza.

"Ushaiharibu zaidi. Ijumaa uilete inaonyesha, ama kiti nampa mwingine."

Kiti chenyewe si cha mchezo. Kituo kile hapa Malindi kinafundisha kuhariri video bure, kinatuazima mashine za kufanyia kazi nyumbani, na ukihitimu unatafutiwa kazi za video za harusi na za hoteli. Nafasi ile niliingojea tangu mtoto yuko tumboni. Nina kidato cha nne tu, na hakuna anayenibishia hodi kunipa ajira.

Shida ilianza wiki ile mwalimu alipotuwekea draiva mpya, yaani programu inayoiambia kompyuta namna ya kutoa picha. Aliiweka kwenye mashine moja, akanakili kwa zote. Tangu hapo yangu inaunguruma, taa zinawaka, skrini kiza.

Mchana ule nyumbani, mtoto amelala, nikakaa na simu nikisoma maswali na majibu ya watumiaji wa Linux, mfumo unaoendesha mashine zetu za kituo. Kumbe laptopu yangu ina kadi mbili za picha, vile vifaa vya ndani vinavyochora kila kinachoonekana. Skrini yake imeshikana na kadi ndogo. Tundu la waya wa televisheni limeshikana na kubwa. Draiva mpya ilikuwa ikipeleka picha zote kwenye kubwa tu. Mashine za wenzangu zina kadi moja, hazikudhurika. Ndiyo maana yangu darasani inang'aa na nyumbani inakufa! Hasira zikanipanda upya. Bwana yule hakuwahi hata mara moja kuiwasha bila televisheni akaitazama.

Nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja kama nilivyosoma, kwenye skrini ile nyeusi yakatokea maandishi matupu, yasiyoitegemea draiva ile. Nikaandika amri ya kuiondoa draiva. Nikakosea herufi, ikanikatalia. Nikaandika tena. Mtoto akaamka, nikampakata, nikaendelea kwa mkono mmoja. Nikafuta na faili la mipangilio lililokuwa likiilazimisha ile kadi kubwa, nikazima, nikawasha.

Skrini ikafunguka. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaita dirishani, "Mama, kwako kuna harusi?"

"Kuna talaka! Nimewaachanisha waliokuwa wakigombana!"

Ijumaa nikaiwasha mezani pa mwalimu, bila waya. Akaitazama.

"Fundi gani amekutengenezea?"

"Mimi."

"Wewe? Basi umechezea mfumo wa kituo bila ruhusa. Kiti huna. Mwambie mumeo aje tuelewane."

"Kwani mwanafunzi wako ni mume wangu?"

Nikavuka ua hadi kwa meneja wa kituo, mama wa makamo, nikamwamkia shikamoo, nikaomba karatasi. Nikaandika hivi, nikampa mkononi:

"Mimi, mwanafunzi wa kuhariri video, namlalamikia mwalimu wangu kwa kunitoa darasani kwa kosa lake mwenyewe. Draiva aliyoiweka iligombana na kadi za picha za mashine niliyoazimwa, naye akanisingizia mimi na mtoto wangu bila kuikagua. Nilivyoitengeneza nimeeleza nyuma ya karatasi hii, yeyote ajaribu. Nataka kiti changu, na nataka aseme mbele ya darasa lile lile kwamba kosa halikuwa langu. Hadi mtakapoamua, nitakuja kila kipindi, na nitakaa safu ya mbele."