Vifaranga Waliokoroma

Juzi hapa Ruangwa, mtoto wa jirani alinivuta mkono nikasikilize vifaranga wao. "Mjomba, wanakoroma!" alisema huku akicheka. Sikuweza kucheka naye.

Nilipokuwa mtoto kule kwetu Mtua, nami nilicheka. Vifaranga wetu, waliokuwa wameanza kuota mbawa, walinyoosha shingo, wakafungua midomo na kutoa sauti ya kukwaruza, kama filimbi iliyoingia maji. Nilidhani wanajifunza kuwika, nikawa nawaiga uani. Baba alisikiliza kidogo tu, akaingia ndani kuchukua kisu.

Alasiri ile alichinja kuku wote wakubwa, akiharakisha wasije wakafa vibudu. Uani kulinuka manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto. Leo najua ulikuwa mdondo, ugonjwa unaomaliza banda zima. Siku ile niliona karamu.

"Mama, nani anakuja?" niliuliza.

"Lete sufuria nyingine," alijibu.

Jioni tulikula kuku hao. Sisi watoto fungu letu lilikuwa shingo na miguu, na firigisi ilikuwa ya baba siku zote. Siku hiyo alizitoa zote kwenye bakuli lake, akaniwekea mimi.

"Kula, mwanangu. Mimi nimeshiba."

Hakuwa ameonja hata mchuzi.